Feni ya umeme kwenye gari la porini: kazi kubwa iko kwenye waya

Mwenye Land Rover Defender yenye injini ya dizeli ya 300Tdi inayochemsha kwenye mchanga hakosi wa kumshauri: toa hiyo feni ya mkanda, funga ya umeme. Ushauri si mbaya, ila huwa unaishia hapo hapo. Hauelezi kwamba kuifunga feni mbele ya injini ndiyo nusu rahisi ya kazi. Kinachoamua kama gari litapoa au litakulaza njiani ni unene wa waya, eathi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri), rilei (swichi inayoamrishwa kwa umeme mdogo) na mahali ulipoiweka swichi ya joto. Feni nyingi zinazolaumiwa kuwa dhaifu ni nzima kabisa. Zinapewa volti 11 mahali zilipostahili karibu 14.

Tuanze na ile ya zamani, maana anayeitoa bila kuielewa huwa anaikumbuka baadaye. Feni ya mkanda kwenye magari haya haijashikana moja kwa moja na puli. Katikati kuna klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, na usoni mwa klachi hiyo kuna kibati cha metali mbili. Hewa ya moto ikitoka kwenye rejeta na kukipiga, kibati hujikunja na kufungua njia. Mafuta yanaingia kati ya sahani, na feni inashika. Hewa ikiwa ya baridi, feni inazunguka kivivu tu. Chombo kinajua joto na kinajirekebisha chenyewe bila waya hata mmoja. Sioni sababu ya kukidharau.

Udhaifu wake ni kwamba kinafuata mwendo wa injini. Ukiwa lami kwa kilomita 80 kwa saa, upepo wa grili unatosha na feni haina kazi kubwa. Shida inakuja unapotambaa kwenye mawe kwa gia ya chini kabisa: injini inabeba mzigo mzito kwa mizunguko michache, upepo hakuna, na feni nayo inazunguka polepole kwa sababu injini yenyewe inazunguka polepole. Feni ya umeme haijali. Injini ikinguruma taratibu au ikipiga kelele, feni inatoa hewa ile ile, mradi umeme upo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kazi ya gari lako. Chukua mashindano ya Rhino Charge ya Kenya, yanayofanyika tangu 1989: timu hupewa muda wa saa kumi kufikia vituo 13 porini, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi, siyo aliyewahi. Magari yanakata moja kwa moja kwenye makorongo, miamba na vichaka vya miiba, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Huko feni ya umeme inalipa gharama yake. Sasa chukua Land Cruiser ya safari yenye injini ya 1HZ, watalii saba na mizigo juu, inapanda mlima mrefu mchana wa jua kali. Joto linalozalishwa ni kubwa na halikatiki kwa muda mrefu, injini iko kwenye mizunguko mingi, na klachi nzima ya feni ikishika hapo inavuta hewa nyingi kuliko feni nyingi za umeme zinazouzwa madukani. Gari la namna hiyo ningeliachia feni yake, ningenunua klachi mpya.

Habari ya kuokoa mafuta na kuongeza nguvu nayo inatiwa chumvi. Feni inayovuta ampea 25 kwa volti 13.5 inatumia wati 340 hivi, na kwa kuwa altaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, hupoteza karibu nusu ya kazi inayoingia, injini inalipa wati 600 na zaidi kidogo, chini kidogo ya nguvu moja ya farasi. Hiyo ni pale inapowaka tu, na kweli ni pungufu kuliko feni ya mkanda iliyoshika sawasawa. Lakini klachi ikiwa imeachia, nayo haili kiasi cha kusimulia. Sababu za maana za kuhamia kwenye umeme ni mbili: hewa ya kutosha ukiwa umesimama au ukitambaa, na uwezo wa kuizima feni unapoingia majini. Hii ya pili tutairudia.

Na kabla hujatoa chochote, hakikisha ugonjwa uko kwenye feni. Zima injini ikiwa moto sana, fungua boneti, izungushe feni kwa mkono: ikizunguka raundi kadhaa kwa ulaini bila kukatalia, klachi imekufa, na huenda hicho ndicho kilichokuwa kinakusumbua muda wote. Tazama rejeta mbele, kati ya mapezi, kama haijajaa matope na mbegu za nyasi. Ndani kama haijaziba kwa kutu na chokaa ya maji ya kisima. Kifuniko cha rejeta pia ni mtuhumiwa anayesahaulika. Maji Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100, kwa sababu ya mwinuko wa mji. Kifuniko kinachoshikilia mgandamizo wa bar 1 kinaongeza takriban nyuzi 20 juu ya hapo. Mpira wake ukichoka, nyuzi hizo zote zinapotea, na hakuna feni itakayozirudisha.

Kuifunga mahali pake

Kwenye Tdi, nati kubwa inayoshika klachi ya feni ni ya spana 32 na uzi wake ni wa kushoto. Yaani inalegea kwa kuzungusha upande ambao nati nyingine zinakazwa. Wengi wamevunja puli kwa nyundo kwa kutolijua hilo.

Feni ya umeme inaweza kukaa nyuma ya rejeta, upande wa injini, ikivuta hewa, au mbele yake ikisukuma. Nyuma ni bora. Ikiwa mbele, mota na fremu vinaziba upepo wa asili, na matope ya kwanza yanatua juu yake. Wanaoiweka mbele huwa hawana nafasi nyuma. Kama na wewe ni hivyo, jua kwamba kugeuza chanya na hasi kunageuza mzunguko, lakini panga zilizopinda kwa ajili ya kuvuta hazisukumi vizuri mpaka uzitoe na kuzigeuza uso. Feni nyingine haziwezi kugeuzwa kabisa. Hizo unanunua ya kusukuma tangu mwanzo.

Kava la feni ndilo ambalo watu wanaliruka, na ndilo linalofanya tofauti. Feni ya duara iliyobandikwa kwenye rejeta ya mraba inavuta hewa kupitia duara lake tu. Pembe nne za rejeta zinabaki pambo tu. Kava linalofunika uso wote, likiiweka feni umbali wa sentimita tano hivi kutoka kwenye mapezi, linafanya hewa itoke kila kona. Karatasi ya aluminiamu ya milimita 1.5 au 2 inatosha kulitengeneza, ikikunjwa kingo na kuzibwa pembeni kwa mpira laini ili hewa isipite njia ya mkato. Kava likiwa kubwa na feni ndogo, toboa madirisha machache upande ambao feni haipo na uyaning'inizie vipande vya mpira: kwa mwendo mkubwa upepo unavisukuma wazi, feni ikivuta vinajifunga.

Vile vijiti vya plastiki vinavyokuja kwenye boksi, vya kupitisha katikati ya mapezi na kubana upande wa pili, vitupe. Kwenye gari la mjini vinaweza kudumu. Kwenye barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati, feni ya kilo mbili au tatu inatikisika maelfu ya mara kwa siku, na kijiti kinasaga taratibu vijibomba vya maji mpaka vinatoboka. Feni ishikwe na vipande vya bati nene au pembe za aluminiamu vilivyofungwa kwenye fremu ya pembeni ya rejeta, na mpira katikati ya kila boliti. Acha nafasi ya kidole kizima na zaidi kati ya mgongo wa mota na puli ya injini. Injini hulala huku na huku kwenye maunti zake gari linapopinda, na maunti za gari la zamani huwa laini kuliko unavyodhani.

Ampea zinakopita

Hapa ndipo pa kukaa. Feni ya inchi 16 yenye nguvu huvuta ampea 20 mpaka 25 ikiwa imekolea, na kwa sehemu ya sekunde inapoanza huvuta mara kadhaa ya hapo. Umeme wa kiasi hicho haupitishwi kwenye swichi ya dashibodi, wala kwenye swichi ya joto. Unapitishwa kwenye rilei, na swichi zinabaki kuiamrisha rilei kwa umeme mdogo usiofika hata robo ya ampea.

Rilei ya kawaida ya magari ina miguu yenye namba, na namba hizo ni zile zile karibu kila mahali kwa sababu zinafuata kiwango cha Kijerumani cha DIN 72552. Mguu 30 unapokea umeme mzito kutoka betri. Mguu 87 unautoa kwenda kwenye feni. Miguu 85 na 86 ni ya koili ndani: ikipata chanya upande mmoja na hasi upande wa pili, inavuta na kuunganisha 30 na 87. Ukiona mguu wa katikati umeandikwa 87a, uache mtupu. Huo umeunganishwa na 30 wakati rilei imelala, na ndiyo siri ya zile feni zinazowaka gari likiwa baridi na kuzima linapochemka.

Sasa unene wa waya. Kwenye Defender ya miaka hiyo betri iko chini ya kiti cha mbele, kwa hiyo kutoka pale mpaka feni ni kama mita 3, na kurudi ni mita 3 nyingine. Pitisha ampea 25 kwenye waya wa milimita za mraba 1.5: unapoteza karibu volti 1.7 njiani, na wati 43 hivi zinabaki kuupasha waya moto. Ukitumia wa 2.5, unapoteza volti moja. Ukitumia wa 6, hasara inashuka chini ya nusu volti. Kwa kuwa mwendo wa mota ya namna hii unafuata volti, yule wa kwanza ameitupa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hewa aliyoilipia, kabla hata hujahesabu temino mbovu na eathi yenye rangi. Njia fupi ya kupunguza hizo mita ni kuchukua chanya kwenye boliti kubwa la stata, kwa sababu waya mnene wa betri umeshafika pale.

Waya wenyewe uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ule wa kufungia nyumba, wenye nyuzi chache nene, unavutia kwa bei na kwa kupatikana kila duka, lakini ukitikiswa kwa miezi unakatika ndani ya plastiki yake, na utautafuta kwa siku nzima kwa sababu nje hauonyeshi kitu.

Fyuzi inakaa mwanzoni, karibu kabisa na mahali umeme unapochukuliwa, isizidi sentimita 20. Kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukisuguliwa na chasisi mahali popote baada ya fyuzi, fyuzi inakatika. Ukisuguliwa kabla yake, gari linaungua. Kwa feni ya ampea 20, fyuzi ya 30, ile ya kijani, inatosha, nayo rilei iwe ya 40. Kwa feni ya 25 nenda kwenye fyuzi ya 40, na hakikisha waya ni ule wa 6. Kama ni feni mbili ndogo, kila moja ipewe rilei yake na fyuzi yake. Moja ikifa porini, nyingine inakufikisha.

Temino, yaani vichwa vya chuma vya ncha za waya, zibanwe kwa koleo lake maalumu, siyo kwa praizi. Usitegemee risasi ya kulehemu peke yake: inapoishia, waya unakuwa mgumu, na hapo ndipo unapokatikia ukitikiswa.

Eathi ndiyo inayowaangusha wengi. Hasi ya feni isiishie kwenye skrubu iliyofungwa juu ya rangi ya bodi, hasa kwa Land Rover ambayo bodi yake ni aluminiamu iliyoshikiliwa na chuma, na makutano ya metali hizo mbili hula kutu kwa bidii. Ipeleke kwenye chasisi, mahali palipokwanguliwa mpaka chuma king'ae, funga kwa boliti, paka grisi juu. Au irudishe moja kwa moja kwenye hasi ya betri na usahau habari yake.

Kingine: umeme mzito wa feni usiuchukue kwenye waya unaoamshwa na ufunguo. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo unaizungusha feni hata ikiwa imezimwa, na mota inayozungushwa inazalisha umeme. Umeme huo ukirudi kwenye laini ya ufunguo unaweza kuishikilia valvu ya kuzimia dizeli, ukageuza ufunguo na injini ikaendelea kunguruma kidogo.

Swichi moja, nafasi tatu

Kuna waliofunga swichi mbili au tatu kwenye dashibodi wakajichanganya wenyewe. Inatosha moja yenye nafasi tatu, ya katikati ikiwa imekata. Mguu 86 wa rilei upewe chanya ya ufunguo, kupitia fyuzi ndogo. Mguu 85 uende kwenye mguu wa katikati wa swichi. Upande mmoja wa swichi uende kwenye swichi ya joto, ambayo nayo inaishia eathi. Upande wa pili uende eathi moja kwa moja. Ukiiweka juu, swichi ya joto ndiyo inaamua. Ukiiweka chini, feni inawaka kwa amri yako. Katikati, imezimwa, na hakuna joto litakaloiwasha. Waya zote zinazoingia ndani ya gari kwa mpango huu ni nyembamba na zinabeba umeme mdogo. Ongeza kitaa kidogo kinachochukua umeme baada ya 87, ili ujue rilei imevuta. Kitaa hakikuambii kama panga zinazunguka. Hilo utalijua kwa sauti na kwa mshale wa joto.

Swichi ya joto ichaguliwe kwa kuitazama themostati, valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto. Ya 300Tdi hufunguka kwenye nyuzi 88. Ukifunga swichi inayowasha feni kwenye 85 kwenye mpira wa juu wa rejeta, feni haitazima kamwe, maana maji ya pale hayashuki chini ya joto ambalo themostati imepangiwa kulilinda. Hapo juu tafuta inayowasha kwenye 95 hivi na kuzima karibu na 90. Kama sehemu ya swichi iko kwenye tangi la rejeta maji yanakotokea yakiwa yameshapozwa, basi chagua ya nyuzi za chini zaidi. Zile zenye kijiti cha kuchomeka kati ya mpira na shingo ya rejeta ni rahisi kufunga, na karibu zote huishia kudondosha maji. Kipande cha bomba chenye tundu la uzi, kinachokatiwa katikati ya mpira wa juu, ni bora. Kumbuka tu kukipa waya wa eathi, kwa kuwa kimezungukwa na mpira pande zote. Wenye kiyoyozi wanahitaji feni iwake pia kila kompresa inaposhika, na hilo linafanyika kwa rilei ya pili.

Angalia pia altaneta. Ya ampea 65 haitoi 65 injini ikiwa chini. Inatoa sehemu yake tu. Feni 25, taa kubwa 9, waipa, feni ya ndani, friji ya nyuma: usiku wa mvua kwenye matope, betri inaanza kuchangia mfukoni mwake. Na kama gari lako ni la volti 24, kama yalivyo baadhi ya magari ya jeshi na Land Cruiser kadhaa za zamani, nunua feni na rilei za 24. Usichukue 12 kwenye betri moja kati ya mbili.

Kupima, halafu maji

Washa feni, shika karatasi mbele ya grili. Iking'ang'ania, hewa inaelekea kunakotakiwa. Ikipeperuka kuja kwako, mota inazunguka kinyume. Peleka karatasi kwenye pembe za rejeta pia, uone kama kava linafanya kazi yake.

Kisha chukua mita ya umeme, injini ikiwa inanguruma na feni imewaka. Weka ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya feni yenyewe. Namba inayosomeka ni hasara ya upande wa chanya: waya, fyuzi, rilei na temino zote kwa pamoja. Rudia kati ya hasi ya betri na hasi ya feni. Jumla ikizidi volti moja kuna kiungo kibovu, na mita itakuonyesha kiko upande gani. Iache feni iwake dakika kumi, gusa nyumba ya fyuzi na soketi ya rilei. Uvuguvugu ni kawaida. Plastiki isiyoshikika kwa mkono ina temino iliyolegea ndani.

Rilei ikae juu, kwenye ukuta wa injini, miguu ikiangalia chini ili maji yasituame ndani ya soketi.

Defender hizi zilipimwa kuvuka maji ya kina cha milimita 500. Feni ya mkanda ikiingia majini ikiwa imeshika, panga zake zinasukumwa mbele na zinaweza kukata rejeta, ndiyo maana madereva wa zamani walikuwa wanalegeza mkanda ukingoni kabla ya kuvuka. Kwa ya umeme unasukuma swichi katikati, lakini uisukume mapema, dakika chache kabla, siyo magurudumu yakiwa yameshalowa. Mota yenye moto ikizamishwa ghafla, hewa ndani yake inasinyaa na kuvuta maji kupitia beringi. Ng'ambo, subiri rejeta imwage maji, kisha iweke kwenye amri ya mkono na usikilize. Ikiguna bila kuzunguka, zima papo hapo: mota iliyokwama inavuta ampea nyingi kuliko wakati mwingine wowote, na mara nyingi kilichoikwamisha ni kijiti au nyasi ndefu zilizojisokota kwenye mhimili, kitu cha kutoa kwa mkono injini ikiwa imezimwa.